Tulikohoa kwa Heshima ya Mgeni

Nachingwea

Mwanangu Salima,

Baba yako hajambo. Mimi naogopa. Mwalimu aliyetufundisha kuandika barua alisema anayeandika aanze kwa kueleza hali yake, na hali yangu jioni hii ni hiyo. Begi lako liko karibu na mlango, na wewe umekwenda kuwaaga shangazi zako. Nimeona niandike kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona nitaanza kukuuliza kama umeweka sweta.

Ya sweta, ya chakula na ya kufunga mlango unayajua. Dodoma utaizoea kama ulivyoizoea Ruangwa ulipokuwa bwenini, ukaacha kulia baada ya muda, ukaanza hata kutusahau. Nataka kukuandikia juu ya swali uliloniuliza wiki iliyopita tulipokuwa tunamenya viazi pori vya ming'oko, nikakujibu vibaya.

Siku ile nilidhani kazi unayokwenda kufanya Dodoma ni kutengeneza hiyo akili mnemba. Ulicheka. Ukasema, "Hapana mama, wenzangu wameshaitengeneza. Mimi naiandikia kadi."

"Kadi ya nini? Inaolewa?"

"Kama kadi ya kliniki ya mtoto. Hiyo akili, yaani modeli, nayo inatakiwa iwe nayo. Inaandikwa imezaliwa wapi, imelishwa nini, inaweza nini, inaumwa nini, na mahali gani isipelekwe. Watu wa maadili wasipoiona hiyo kadi, modeli haitoki."

Nilifurahi sana. Nimebeba kadi za kliniki za watoto wa watu kwa miaka mingi, nikasema moyoni, mwanangu anakwenda kufanya kazi ninayoijua. Halafu ukaacha kumenya. Ukaniambia kwamba modeli ya kwanza utakayoandikia ni ile ya kutambua kifua kikuu kwa sauti ya kikohozi, iliyokusanyiwa sauti zake Ruponda, na kwamba sasa wanataka kuipeleka kwenye zahanati za wilaya nyingine.

"Kwenye kadi kuna mahali panapouliza sauti zilipatikana vipi," ukasema. "Mama, niandike nini?"

Nami nikasema, "Andika watakachokuambia wakubwa wako."

Baba yako alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akasema bila kuinua kichwa, "Salima anakwenda kazini, haendi mahakamani." Wewe ukaendelea kumenya.

Nilikujibu vile kwa woga. Niliogopa wakubwa wako watasema, kumbe huyu ni mtoto wa yule mama aliyeharibu kazi, wakurudishe kabla hujapata hata godoro. Niliogopa mimi mwenyewe kuondolewa kwenye uhudumu wa afya, kazi ambayo ndiyo inayofanya watu waniite kwa heshima. Na niliogopa watu wa Ruponda watachekwa. Sipendi watu wachekwe kwa jambo walilolifanya kwa adabu.

Wewe wakati ule ulikuwa chuo, ulisikia habari hizi vipande vipande kwa simu. Sasa nakuandikia zote kwa mpangilio, kama nilivyoziona.

Mgeni wa mradi alikuja msimu wa kuvuna ufuta. Alikuwa kijana mpole, anaitwa Elia, mtu wa bara, anasema "samahani" kabla ya kila kitu. Aliniomba niwaite watu wanaokohoa, arekodi vikohozi vyao kwa simu. Niliwaita kwa sababu mhudumu wa afya wa eneo lile nilikuwa mimi, na kwa sababu wengi pale wazee wao hawaelewi sana Kiswahili cha mtu wa mbali, wanahitaji mtu wa kuwageuzia kwa Kimwera. Watu wakajaa uwanja wa ofisi ya kijiji. Elia akawekewa kiti, akapewa maji na mbaazi. Akaomba wenye kikohozi wasogee mbele.

Hakusogea mtu.

Wewe unaijua aibu ya kifua kikuu kwetu. Mwenye kikohozi cha kweli hasimami mbele ya majirani akasema ni mimi. Alikuwa nyumbani amejifungia, au yuko hapo hapo amebana mtandio mdomoni. Jua likapanda. Elia akaanza kuangalia simu yake, halafu akaniangalia mimi, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa. Nilimwonea huruma. Nikageuka kwa watu, nikasema kwa Kimwera: jamani, huyu ametoka mbali, mtamwacha aondoke mikono mitupu?

Basi, Salima, ndipo wakaanza kukohoa.

Mzee Chilumba alitangulia, yule mwenye kofia ya kufuma. Alikohoa kile kikohozi anachokohoa akifika uani kwa mtu kabla hajapiga hodi, kikavu na cha kistaarabu. Elia akamwuliza amekohoa kwa muda gani. Mzee akaniangalia mimi. Nikamgeuzia swali. Akasema, "Wiki mbili," nadhani kwa sababu aliona wiki mbili ni jibu la mtu mzima. Aliyemfuata naye akasema wiki mbili. Mama Hadija, mke wa mwenyekiti, alikohoa, akasikiliza, hakuridhika. "Hicho hakikuwa kizuri," akasema, "ngoja nikupe kingine." Watu wakacheka mpaka wengine wakakohoa kwa kicheko, na hivyo navyo Elia akavichukua. Alikuwa na furaha sana. Aliwashukuru mmoja mmoja, akawasomea karatasi ya kuridhia, nami nikaigeuza haraka haraka, na wote wakaridhia.

Mimi niliona. Nisijifanye kwamba sikuona. Nilijua kabisa kwamba Mzee Chilumba ana kifua kizima kuliko changu. Ila sikuona ubaya wake. Niliona mgeni amepata alichokifuata, na watu wangu wamemstahi, nikarudi nyumbani nimeridhika kama mtu aliyepika chakula kikatosha.

Makohozi hayakupimwa. Hilo umenieleza wewe baadaye, kwamba simu ilifundishwa kwa jibu la mdomo: aliyesema anaumwa, sauti yake ikawekwa kwa wagonjwa. Kwa hiyo ile mashine ilifundishwa kwamba mgonjwa hukohoa kama Mzee Chilumba anapobisha hodi. Na kikohozi cha yule aliyejifungia ndani haikukisikia hata siku moja.

Nikikaa najiuliza kwa nini tulifanya vile, nakumbuka jambo langu na wewe. Ulikuwa mdogo, bado hujatembea. Uliumwa malaria, ukapewa dawa, nami baada ya kuona umechangamka niliacha kukupa, nikaihifadhi iliyobaki kwa ajili ya homa nyingine. Homa ikarudi. Nikakubeba mgongoni tena hadi kwa nesi, akaniuliza, "Ulimaliza dozi, mama?" Alikuwa ameshika kalamu. Nikasema ndiyo. Akaandika kwenye kadi yako kwamba dozi ilimalizika na dawa haikufaa, akakubadilishia, na dawa ya pili ilikutapisha mpaka ukalegea kama kitambaa. Mwanangu, sikusema uongo ili nimdhuru mtu. Nilitaka anione mimi ni mama mzuri. Mtu akiwa na kalamu mbele yetu, sisi huangalia uso wake kwanza, tujue anapenda jibu lipi, ndipo tunamjibu. Ulipona kwa rehema za Mungu. Ile kadi ipo mpaka leo na bado inasema dozi ilimalizika.

Nilipaswa kukumbuka hilo siku ya Elia. Sikukumbuka.

Halafu ikaja simu yenyewe, imeshafundishwa. Nikapewa mimi nizunguke nayo nyumba kwa nyumba kuijaribu. Mtu anakohoa, simu inafikiri kidogo, inaandika ama "Hakuna dalili" ama "Nenda kituo cha afya ukapimwe." Watu walipenda. Mimi nilipenda zaidi, nilijiona daktari. Nikafika kwa Bibi Somoe, yule anayesuka mikeka, aliyekuwa anakufungia karanga kila ukienda shule. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa amejifungia ndani siku ya Elia. Alikohoa mbele yangu, na sikio langu lilishtuka. Nimekisikia kikohozi cha namna ile mara nyingi, kinatoka chini, kinamkunja mtu. Simu ikaandika, "Hakuna dalili."

Nilisimama pale na vitu viwili, sikio langu na simu. Nikachagua simu. Nikamwambia, "Bibi, uko salama." Akafurahi, akanipa mkeka mdogo. Aliendelea kukohoa mpaka mvua zikaja, na alipopelekwa hospitali ya Mnero akapimwa makohozi, wakakuta kifua kikuu kimekwisha kula sehemu ya pafu. Ni wewe uliyemsindikiza likizo ile, kwa hiyo unajua alivyokuwa mwepesi kwenye bodaboda. Na katika nyumba ile kuna mwingine aliyeambukizwa. Unamjua. Simwandiki hapa, na mbele utaona kwa nini.

Nilimwambia Elia kwa simu. Akasema "samahani, mama," akasema atawafikishia wenzake. Sijui kama alifikisha. Sijui kama walimsikia. Ninachojua ni kwamba wanataka kuipeleka mbele, na kwamba karatasi itakayowaambia wengine ni salama au si salama itaandikwa na mwanangu.

Ndiyo maana naogopa kuliko nilivyoogopa ulipokwenda bweni. Kila nikifumba macho naona mama mwingine mwenye kanga ya uhudumu, wa wilaya nisiyoijua, amesimama mbele ya bibi mwingine. Ameshika ile simu. Anasikia kikohozi kinatoka chini. Anasoma "Hakuna dalili." Naye hakuwepo uwanjani Ruponda, hakumwona Mama Hadija akirudia kikohozi chake, hana jinsi ya kujua. Pa kujulia ni hiyo kadi yako peke yake. Nami nilikuambia uandike watakachosema wakubwa.

Leo mchana, ulipokuwa unapiga pasi, niliaga nakwenda sokoni. Sikwenda sokoni. Nilipanda bodaboda nikaenda Ruponda kwa Bibi Somoe. Nilitaka kumwomba ruhusa habari yake iingie kwenye kadi. Dawa amemaliza, amenenepa kidogo, yuko barazani na ukindu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na ile simu?"

"Hapana, bibi."

"Afadhali. Mimi siku ile nilikohoa kweli mpaka mbavu zikalia, ikasema sina kitu. Labda ilitaka nikohoe Kizungu."

Nikamweleza kazi yako, na zile wiki mbili walizosema watu uwanjani. Nikamwomba. Kabla sijamaliza akasema, "Ndiyo, andikeni, andikeni. Salima ni mjukuu wangu." Akarudi kwenye mkeka wake.

Salima, zamani ningeondoka hapo hapo. Ningekuletea hiyo ndiyo, nawe ungeandika kwamba mhusika ameridhia. Lakini niliisikia ile ndiyo, nikaitambua. Ilikuwa ndugu wa kile kikohozi cha Mzee Chilumba. Alikuwa ananikaribisha.

Kwa hiyo nikakaa. Nikamwambia, "Bibi, ukikataa Salima hapotezi kitu, nami sitakasirika, na kesho kutwa nitakuja kukusalimia kama kawaida." Nikamwambia watakaosoma ni watu wa Dodoma na wa mbali zaidi, watu asiowajua, na kwamba kikishaandikwa hakifutiki kirahisi. Nilimwambia kwa Kimwera, polepole, nikamwomba anieleze yeye nilichosema. Aliponieleza nikaona nusu hakuielewa, nikarudia. Alichoka na mimi. "Leo una nini wewe?" akasema. "Umegeuka polisi?"

Halafu akaacha kusuka. Akauzungusha ukindu kidoleni. Akasema, "Jina langu hapana."

Nikasema sawa.

"Andikeni mama mmoja mzee. Asitajwe anasuka mikeka, maana watanijua. Na yule mtoto hapana kabisa. Ataoa huyo. Watu wasije wakasema ukoo ule una kifua."

Nikasema sawa, bibi.

"Ila hilo la wiki mbili liandikeni. Waandikieni walidanganywa na watu wasioumwa, na wenye kuumwa hawakuulizwa. Mimi niliulizwa lini? Nilikuwa ndani nasikia mnavyocheka."

Nilitaka kumwomba radhi, akanikatiza, akasema nimpishe mwanga anasuka. Nikarudi kwa bodaboda, na sikujua kama nalia au nacheka. Tangu nianze kazi hii nimewaletea watu wa kalamu ndiyo nyingi sana. Leo kwa mara ya kwanza nimebeba hapana, na niliibeba kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai.

Basi nimeifikisha. Mtoto asitajwe. Jina la bibi lisitajwe, wala mikeka, wala karanga zake. Yaliyobaki andika. Andika kwamba waliosema wanakohoa wengi wao walikuwa wazima, na kwamba hawakufanya kwa ubaya wala kwa ujinga, walimwonea mgeni huruma. Usiwaandike kwa namna ya kuwachekesha watu wa ofisini. Andika kwamba karatasi ya kuridhia ilisomwa kwa Kiswahili mbele ya watu ambao wengi wao huota kwa Kimwera, na aliyeigeuza alikuwa na haraka. Andika kwamba makohozi hayakupimwa. Na kama kuna nafasi kwenye kadi, omba hiyo mashine ifundishwe kusema "sijui". Mimi ningeambiwa "sijui" siku ile, ningemshika bibi mkono tukaenda Mnero.

Sijui wakubwa wako watasemaje. Labda ni watu wema. Wewe unasema ni wema, na kwamba mtu anayewekwa kuandika kadi anawekwa ili aseme ukweli. Nataka kuamini. Lakini hata watu wema hupenda kazi iishe. Watakuambia labda, Salima, punguza hapa, lainisha hapa, sema "changamoto ndogo za ukusanyaji". Mimi sina elimu ya kukufundisha utajibu nini. Naweza kukuambia tu kwamba siku ile uwanjani hakuna aliyenilazimisha. Nilitazama uso wa mtu mmoja mpole, nikataka asisikitike. Hivyo tu. Hakikuwa kitu kikubwa kuliko hicho.

Na wakikurudisha, urudi. Baba yako atanuna siku mbili tatu, halafu atakupa jembe lenye mpini mpya. Nimemsomea nusu ya barua hii alipotoka kuswali. Alisikiliza, akashika ndevu, akasema, "Sasa wewe kazi yako ya uhudumu?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Haya, mwandikie na salamu zangu." Kwa hiyo anakusalimu.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niketi kuandika. Kwenye kadi, pale panapouliza nani aliwakusanya watu, wewe ulitaka kuandika "mhudumu wa eneo", nilikuona ulivyoandika kwenye karatasi yako ya majaribio. Ulifanya hivyo kwa kunipenda. Lakini Bibi Somoe aliombwa jina lake akakataa, ni haki yake, alikuwa mgonjwa. Mimi sikuwa mgonjwa. Mimi naombwa langu nami nakubali, na hii ndiyo si ya kumkaribisha mtu. Nimeifikiria njia nzima kutoka Ruponda.

Andika jina langu lote, na kijiji, na kwamba napatikana. Wakija kuuliza wasiende kwa Mzee Chilumba wala kwa Mama Hadija. Waje kwangu. Nitakuwa naogopa, lakini nitawafungulia mlango.

Nasikia sauti yako na ya shangazi yako njiani, mnacheka. Naikunja.

Mama yako